Jitu Lisiloonekana: Lugha ya Kupinga Makazi na Maduka ya Bei Nafuu na Changamoto Yake kwa Uhakiki wa Kitabaka

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiulizwa swali kuhusu matabaka hapati taabu ya kutafuta mifano. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi yupo mwinyi, na yupo Kijakazi anayemtumikia. Katika Kuli (1979) ya mwandishi huyohuyo wapo makuli wa bandarini na mabwana zao. Katika Kigogo (2015) ya Pauline Kea yupo Majoka, kiongozi wa Sagamoyo, anayelifunga Soko la Chapakazi kwa kuwa anapatamani mahali hapo pajengwe hoteli ya kifahari. Mstari huchorwa katikati ya ukurasa, wanyonyaji wakawekwa upande mmoja na wanyonywaji upande wa pili, na alama zikapatikana.

Makala haya hayakusudii kuukebehi utaratibu huo, kwani umezaa uhakiki mwingi wa maana. Yanakusudia kuonyesha kwamba upo mgogoro mmoja wa kitabaka, nao ni wa kila siku katika miji ya Kenya, ambao mstari huo hauufikii. Huu ni mgogoro unaozuka pale wakazi wa mtaa wenye nafasi wanapopinga nyumba za bei nafuu kujengwa karibu nao, au wanapotaka vibanda na maduka ya watu wa kipato cha chini yaondolewe. Hapa hakuna mwinyi wala Majoka. Wanaopinga ni walimu, mawakili, wauguzi wastaafu na wafanyabiashara wa wastani. Wengi wao wamezipata nyumba zao kwa mikopo ya miaka mingi, na hawajioni hata kidogo kuwa wanyonyaji. Hawatumi askari wenye marungu. Wanaandika barua. Na kwa kuwa wanaandika, kazi ya kuwasoma inamwangukia mwanafunzi wa lugha kabla haijamfikia mwanauchumi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya upinzani huo imejengwa kwa namna ambayo mtu anayekataliwa haonekani ndani yake, na anayekataa pia haonekani. Istilahi ambazo uhakiki wa Kiswahili umezizoea, yaani mabwanyenye na makabwela, walalahai na walalahoi, haziwezi kumnasa mtu ambaye hakutajwa.

Milimani na Bondeni

Mji wa Nakuru una mtaa uitwao Milimani na mtaa uitwao Bondeni. Mgeni asiyeijua Nakuru, mradi awe anakijua Kiswahili, anaweza kubahatisha bila kukosea ni upi wa wenye nacho na ni upi wa wasio nacho. Kisumu nayo ina Milimani yake, na Nairobi vilevile. Kiambishi -ni cha mahali, ambacho mwanafunzi hufundishwa kuwa kazi yake ni kuonyesha mahali tu, kimebeba historia nzima ya nani alipewa upepo wa mlimani na nani aliachiwa matope ya bondeni. Dar es Salaam ililifanya jambo hilo waziwazi zaidi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina hayo yanaitaja rangi bila haya, lakini sheria za ujenzi zilizoigawa Dar es Salaam wakati wa ukoloni zilielekea kutaja aina ya jengo. Hapa nyumba za mtindo wa Kizungu, pale nyumba za biashara, kule nyumba za kienyeji. Wananchi waliita jambo kwa jina lake. Sheria ilizungumzia kuta na paa.

Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, ilitenganisha watu kwa lugha ya afya. Tauni ilipoingia katika soko la Wahindi mwaka 1902, soko hilo lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, daktari aliyetumwa kuchunguza hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza kwamba watu wa rangi mbalimbali watengwe kimakazi kwa ajili ya usafi. Mapema katika miaka ya 1920 Waafrika wa Nairobi walianza kuhamishiwa Pumwani, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kilikuwa kimevunjwa na watu wake wengi kupelekwa Shauri Moyo. Jina hilo Shauri Moyo lenyewe linastahili makala yake. Linalohitajika kushikwa hapa ni kwamba tangu mwanzo ubaguzi wa makazi ulijieleza kwa maneno ambayo ni vigumu kuyapinga. Nani atasimama apinge usafi?

Uhuru wa mwaka 1963 uliiondoa rangi katika sheria. Ukubwa wa kiwanja ulibaki. Katika baadhi ya mitaa ya magharibi ya Nairobi kanuni za upangaji zimekuwa zikikataza kiwanja kugawanywa kikawa chini ya nusu ekari. Nusu ekari ni takriban mita 2,000 za mraba. Mradi wa Dandora, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975 na kutenga viwanja vipatavyo 6,000 kwa watu wa kipato cha chini, ulikuwa na viwanja vilivyoanzia mita 100 za mraba. Kwa hesabu hiyo, kiwanja kimoja kidogo kuliko vyote katika mtaa wa nusu ekari kingetosha viwanja 20 vya Dandora. Kanuni yenyewe haimtaji maskini popote. Haina haja.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba jambo hili lilishushwa pwani na meli za Wazungu. Lamu ilikuwa na Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe na waungwana, na Langoni, ambako makuti na udongo vilitawala. Nyumba ya mawe ilikuwa hati ya uungwana. Naye Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alimwonya asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wahakiki wameujadili utenzi huo sana kuhusiana na mke na mume, na ushauri huu mfupi huwapita kimyakimya. Lakini ndani yake imo kanuni ya mtaa wa kifahari wa leo: mfanyakazi wa ndani, mlinzi na mtunza bustani wanakaribishwa getini saa kumi na mbili asubuhi, na jioni wanatarajiwa wawe wamekwenda zao. Kazi yao inatakiwa ndani ya ukuta. Makazi yao yawe kwingine. Ndiyo maana Nairobi ina jozi za mitaa ambazo kila mkazi wake anaweza kuzitaja kwa moyo: Lavington na Kawangware, Runda na Githogoro, Loresho na Kangemi, Muthaiga na Mathare. Hakuna mmoja katika jozi hizo anayeweza kuishi siku tatu bila mwenzake.

Kibanda na ngeli ya KI-VI

Sarufi ya Kiswahili ina njia yake ya kuushusha mtaa hadhi. Kiambishi ki- kina kazi nyingi, mojawapo ikiwa kudunisha: nyumba ikawa kijumba, duka likawa kijiduka, mtu akawa kijitu. Kibanda ni banda lililodunishwa, na banda lenyewe ni mahali pa kuhifadhia mali au kufugia ng'ombe. Pamoja na hayo, mtaa wa mabanda ndilo jina ambalo vyombo vya habari vya Kenya vimelikubali kuwa la heshima kwa makazi ya mamia ya maelfu ya watu. Mtangazaji hulitamka katika taarifa ya saa moja bila kusita, na mwalimu husahihisha insha iliyolitumia bila kulipigia mstari. Vilevile sehemu za Kibera, kama Lindi, Kianda na Gatwekera, huitwa vijiji, ingawa mtu wa huko anaweza kwenda katikati ya jiji kwa miguu na kurudi. Anayeishi kijijini ndani ya jiji ni nani, ikiwa si mtu anayehesabiwa kwamba bado hajafika?

Kibanda cha kuuzia bidhaa ndicho kinachogombaniwa zaidi, kwa sababu kinaonekana. Kanuni ndogo za Baraza la Jiji la Nairobi za mwaka 2007 kuhusu kero za umma zilikataza uchuuzi mahali pasipotengwa, na kwa mujibu wa kanuni za namna hiyo vibanda vimekuwa vikivunjwa kando ya barabara. Mara nyingi malalamiko hutoka katika mtaa wenyewe. Inafaa basi kuuliza kibanda kinafanya kazi gani.

Kibanda huuza kwa kipimo kidogo. Wakenya wameupa utaratibu huo jina la uchumi wa kadogo: mafuta ya kupikia ya shilingi chache yaliyopimwa kwenye kikopo, sukari ya chai ya siku moja, sabuni iliyokatwa kipande, kitunguu kimoja. Mtu akipiga hesabu kwa kilo, mnunuzi wa kadogo hulipa zaidi kuliko anayejaza toroli katika supamaketi. Lakini mlinzi anayelipwa kwa siku hawezi kununua mafuta ya lita tatu hata kama yana nafuu, kwa kuwa fedha ya lita tatu hajapata kuwa nayo mkononi kwa wakati mmoja. Kibanda kinachukua mapato yanayokuja kwa vijisehemu na kuyageuza kuwa mlo. Ni hapo pia mfanyakazi wa mjengo hula maharagwe na chapati mchana. Kikivunjwa, mlinzi na mjenzi hawaachi kula. Hutembea mwendo mrefu zaidi, au hulipa nauli, au hukaa na njaa mpaka jioni. Gharama hiyo haionekani katika taarifa yoyote kwa sababu imelipwa na tumbo.

Na si siri kwamba sukuma wiki ya jioni ya nyumba nyingi za nusu ekari hutoka katika kibanda hichohicho. Wengi wa wanaokilalamikia wamewahi kumtuma mtu akimbie kununua nyanya hapo kabla mgeni hajafika.

Nomino zisizo na watu

Mtu akisoma upinzani wa aina hii, uwe dhidi ya vibanda au dhidi ya nyumba, atakuta kundi dogo la nomino likijirudia: hadhi, usalama, mandhari, msongamano, thamani ya mali. Zote ni nomino dhahania au za jumla. Ichukuliwe sentensi ya mfano: "Hadhi ya mtaa wetu itashuka na usalama utazorota." Kiima ni hadhi, na kitenzi ni kushuka, ambacho hakihitaji mtendaji. Kama ingesemwa itashushwa, msomaji angekuwa na haki ya kuuliza, na nani? Kuzorota nako hutokea kwenyewe, kama kutu. Lakini kila msomaji anayajua majibu. Hadhi itashushwa na mpishi wa shule ya msingi mwenye watoto watatu. Usalama utazoroteshwa na kondakta wa matatu. Majina hayo hayawezi kuandikwa kwa sababu yakiandikwa sentensi itaaibisha mwandishi wake. Sarufi imemfanyia stara.

Jambo la pili ni neno wakazi. Chama cha wakazi, kama jina linavyodai, kinawajumuisha wote wanaokaa mahali. Kwa kawaida hata hivyo ni wenye hati miliki. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mlinzi anayelala kwenye kijumba cha getini, mama mboga aliyekaa kando ya barabara hiyohiyo miaka 15, hao wanajulikana mtaani na wanajua siri za mtaa kuliko wengine wote, ila si wakazi.

Sheria nayo imeumba pengo kama hilo. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi atangaze nia yake hadharani, na inawapa watu siku 14 za kuwasilisha pingamizi. Ni utaratibu mzuri wa kidemokrasia. Wananchi wengi wa Nairobi wangekuwa wameokolewa na balaa nyingi kama ungefuatwa kila mara. Lakini anayeweza kupinga ni jirani aliyepo. Familia ambayo ingehamia katika jengo hilo baada ya miaka mitatu haijijui bado, haina anwani hapo, haiwezi kuandika barua ya kuunga mkono. Katika kesi hiyo upande mmoja una mawakili, na upande wa pili haujazaliwa. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa, lakini kwenye meza ya afisa wa upangaji haki hiyo haina mtu wa kuiwakilisha.

Haki inadai pia isemwe kwamba si kila pingamizi ni kinyago cha kitabaka. Mabomba ya majitaka yaliyochimbwa kwa ajili ya nyumba 30 hayawezi kubeba familia 600. Maji ya mgao ni maji ya mgao. Jengo la ghorofa lililoporomoka Huruma mwezi Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40 liliwaua wapangaji wa kipato cha chini, na jirani ambaye angelipinga jengo lile mapema angekuwa amewatetea. Tena wakazi wa Kilimani na Kileleshwa wamepinga magorofa ya matajiri pia. Kwa hiyo panahitajika kipimo, na kipimo chenyewe kimo katika lugha. Pingamizi linalotaja kitu kinachoweza kurekebishwa, bomba, barabara, nondo, lizingatiwe na kirekebishwe. Pingamizi ambalo haliondoki hata baada ya bomba kupanuliwa lilihusu watu tangu mwanzo.

Ubishi huu umezidishwa na neno nafuu lenyewe. Mgonjwa hupata nafuu. Bei nayo huwa nafuu. Neno linaahidi kitulizo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, iliyoidhinishwa baada ya mahakama kuitangaza tozo ya awali ya nyumba kuwa kinyume cha katiba mwezi Novemba 2023, inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na kumtoza mwajiri kiasi hichohicho. Imewagawa walengwa kwa mapato ya mwezi: walio chini ya shilingi 20,000, walio kati ya 20,000 na 149,000, na walio juu ya hapo. Neno moja basi linamfunika mfagiaji na meneja. Anayepinga nyumba za bei nafuu anaweza daima kudai kwamba hapingi nafuu, na anayezijenga anaweza kumjengea meneja na bado akadai ametoa nafuu.

Mfano wa Mount Laurel

Swali lililobaki ni la ukweli wa mambo: je, hadhi hushuka kweli? Jibu lenye uthabiti mkubwa linapatikana katika mji mdogo wa Mount Laurel, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambako ugomvi huu ulipita mahakamani na hatimaye ukapimwa na watafiti. Marekani ndiyo iliyoupa ubaguzi wa viwanja msingi wake wa kisheria. Katika kesi ya Euclid ya mwaka 1926, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu miji kutenga kanda za makazi, na katika uamuzi wenyewe nyumba ya magorofa ya kupangisha ililinganishwa na kupe anayenyonya uzuri wa mtaa uliojengwa na wengine. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo hapo. Katika lugha ya siasa ya Ujamaa nchini Tanzania, kupe alikuwa mwenye mali anayenyonya jasho la mfanyakazi. Mdudu ni yuleyule, ila amehamishiwa mgongo mwingine.

Mount Laurel kulikuwa na familia za Wamarekani weusi zilizoishi hapo vizazi kadhaa. Mashamba yalipogeuzwa kuwa mitaa ya nyumba kubwa, kanuni za viwanja zilifanya iwe vigumu kwa watoto wa familia hizo kupata pa kukaa katika mji wa babu zao. Mwaka 1970 walipoomba kuruhusiwa kujenga nyumba 36 za kupangisha, waliambiwa na meya, wakiwa ndani ya kanisa lao, kwamba wasioweza kumudu gharama za kuishi mjini humo itawabidi waondoke. Ethel Lawrence, mwalimu, alikuwa miongoni mwa walioshtaki. Mwaka 1975 Mahakama Kuu Zaidi ya New Jersey iliamua kwamba mji hauwezi kutumia kanuni za viwanja kuwafungia nje watu wa kipato cha chini. Mji ulijivutavuta. Mwaka 1983 mahakama hiyo ililazimika kutoa uamuzi wa pili wenye meno. Nyumba za kwanza kati ya 140 zilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000 zikiwa na jina la Ethel Lawrence. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1994.

Kabla ya ujenzi, mikutano ya hadhara ilijaa watu walioapa kwamba uhalifu utaongezeka, kodi zitapanda na bei za nyumba zitaanguka. Douglas Massey na wenzake walifuatilia yaliyotokea na kuyachapisha mwaka 2013. Walilinganisha mji huo na miji jirani isiyokuwa na mradi kama huo, na hawakuona dalili kwamba mradi uliathiri uhalifu, kodi wala bei za nyumba. Maisha ya waliohamia yaliboreka katika kazi na mapato, na watoto wao walipata mahali tulivu zaidi pa kusomea. Jambo moja katika utafiti huo linamgusa mhakiki wa lugha zaidi ya takwimu. Wakazi wengi wa mitaa ya jirani, walipoulizwa miaka kadhaa baadaye, hawakujua hata kwamba mradi huo upo. Kitu kilichopigwa vita kwa miaka 30 kilipofika hakikuonekana.

Nairobi si New Jersey, na nyumba 140 zilizosanifiwa vizuri na kusimamiwa kwa makini si sawa na jengo la ghorofa nane lililoinuliwa usiku usiku Pipeline. Lakini mtu anayetaka kudai kwamba hadhi itashuka hana budi sasa kuonyesha itashukaje. Haitoshi tena kuliandika neno hilo na kuliacha lining'inie.

Jitu liko wapi?

Hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", iliyochapishwa mwaka 2016 katika mkusanyiko wenye jina hilohilo, ndiyo kazi ya Kiswahili inayokaribia zaidi mada hii. Mtaa wa Madongoporomoka unaishi ubavuni mwa jiji linalotaka kuumeza. Katika mgahawa wa Mzee Mago linaingia jitu la mtu, linakula chakula chote kilichopikiwa wateja wa siku hiyo, na linaahidi kurudi. Yanayofuata ni mabuldoza. Nyumba ya maskini na mlo wa bei nafuu vimewekwa na mwandishi mahali pamoja, na vinamezwa na kinywa kimoja. Kwa ustadi wa istiari ni vigumu kupata hadithi inayoizidi, na wakazi wa Madongoporomoka hawakubali kumezwa kimya.

Hata hivyo jitu lina kasoro moja, nayo ni kwamba halifanani na msomaji. Hakuna anayelisoma akajiona. Mwanafunzi hulichukia kwa moyo mweupe, huandika insha ya kulilaani, hufaulu, huajiriwa, huchukua mkopo wa nyumba, na siku moja huletewa karatasi ya pingamizi mlangoni aweke sahihi. Karatasi hiyo haina tumbo wala meno. Ina nomino dhahania tano na nafasi ya jina. Majoka naye hamfundishi chochote kuhusu karatasi hiyo, kwa kuwa Majoka analifunga soko kwa amri, hali hapa hakuna aliyeamrisha. Kila mtu aliomba tu.

Uhakiki wa kitabaka katika Kiswahili ulikomaa katika miaka ambayo mnyonyaji alikuwa na sura, gari na tumbo. Neno wabenzi lilitosha. Tabaka la kati, ambalo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wenyewe wamo au wanatarajia kuwamo, halijapata msamiati wake ila kwa majina ya kusifu: watu wa wastani, watu waliojitahidi. Riwaya zetu zimelionyesha likidhulumiwa na kigogo na likimhurumia mlalahoi. Ni nadra kulionyesha likikutana Jumamosi alasiri, chai ikiandaliwa, kujadili ajenda ya tatu.

Tamthilia yenye mandhari hiyo ingekuwa rahisi kuigiza. Inahitaji meza ndefu, viti kumi, kumbukumbu za mkutano uliopita na dirisha ambalo kupitia kwake kinaonekana kibanda kimoja cha mabati. Mwanamke wa kibandani asingekuwa na maneno ya kusema mpaka mwisho. Angeingia mara moja tu, kuleta maandazi yaliyoagizwa. Wahusika wangekuwa na adabu na wangeulizana hali za watoto. Mwenyekiti angesisitiza kwamba hana ubaya na mtu. Na katibu, yule mwenye Kiswahili sanifu kuliko wote, ndiye angeombwa airekebishe barua isomeke vizuri. Huyo angeweza kuwa mwalimu aliyewahi kuifundisha Kigogo miaka minne mfululizo.